ALIUZWA, AKANUNULIWA, AKAWA DAKTARI

Kijana mwenzangu, subiri kwanza, usiitupe karatasi hii. Sikuletei hadithi ya kutunga. Nataka nikueleze habari za mtoto mmoja aliyeuzwa kama mbuzi wa mnadani, na mambo aliyoyafanya baada ya hapo. Jina lake ni Adriano Atiman. Ukifika Sumbawanga utaliona jina hilo kwenye hospitali, Hospitali ya Dk. Atiman. Wengi wanatibiwa pale, wanapona, wanarudi nyumbani, na hawajui huyo Atiman alikuwa nani.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika nchi ambayo leo inaitwa Mali, kule Afrika Magharibi, kando ya mto Niger, sehemu za mji wa Timbuktu. Alikuwa mtoto wa majini kama wewe uliyekua ukiogelea ziwani. Akiwa bado mdogo kabisa wavamizi wa jangwani walimkamata. Hakuna aliyemwuliza baba yako nani, mama yako yuko wapi. Akauzwa, akapelekwa kaskazini kwa kulivuka jangwa la Sahara. Hebu fikiria! Kutoka hapa Mwanza mpaka Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na ukipanda basi unafika umevimba miguu. Njia ya yule mtoto ilikuwa ndefu kuliko hiyo. Jua linachoma, usiku ni baridi, maji ni ya kupimiwa, na kila hatua inamtenga na mama yake.

Usidhani mambo hayo yalikuwa ya kwao tu. Miaka hiyohiyo hata huku kwetu misafara ilikuwa ikitoka ukanda wa ziwa kwenda Tabora, kisha Bagamoyo, na ndani yake walikuwemo watoto wamefungwa kamba. Babu wa babu yako anaweza kuwa aliwaona.

Sasa wakati huo kule Algeria, kaskazini mwa Afrika, alikuwepo askofu mkuu mmoja Mfaransa, Lavigerie. Mwaka 1867 na 1868 nchi ile ilipigwa na njaa na kipindupindu, watu wakafa ovyo, watoto wakabaki barabarani. Yeye akawakusanya, yatima zaidi ya 1,000, akawatafutia chakula, nyumba na watu wa kuwalea. Mwaka 1868 akaanzisha shirika ambalo watu wa Mwanza wanalifahamu vizuri, Mapadre Weupe, wale wa kanzu nyeupe. Mapadre hao wakawa wakikuta watoto wanauzwa kwenye vituo vya jangwani, wanatoa fedha, wanawanunua, wanawaacha huru.

Mwaka 1876 wakamkuta Atiman. Alikuwa na miaka kama 10. Fedha ikahesabiwa, ikaingia mkononi mwa mwenye kumuuza, na mtoto akatoka upande huu akaenda upande ule.

Niseme wazi, mimi ni mlokole, na yako mengi katika mafundisho yao nisiyokubaliana nayo. Lakini mtu akimtoa mtoto kwenye kamba, wewe unauliza dhehebu? Na tena niseme jingine. Kununua mtumwa kulikuwa na shida yake, maana yule mfanyabiashara alichukua ile fedha akaenda kutafuta mtoto mwingine. Lavigerie mwenyewe aliliona hilo. Ndiyo sababu mwaka 1888 alizunguka Ulaya, Paris, London na miji mingine, akipaza sauti mbele za wakubwa kwamba biashara yenyewe ikomeshwe.

Turudi kwa kijana wetu. Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Wangeweza kumpa sahani ya chakula na shati, basi. Si ndivyo tunavyofanya sisi? Tunamkuta mtoto pale stendi anavuta gundi, tunampa mia tano, tunajisikia tumemtumikia Mungu, tunapanda daladala. Kesho yuko palepale. Lakini hawa walimpeleka shule. Kisha mwaka 1881 akachukuliwa mpaka kisiwa cha Malta, katika bahari ya Mediterania, ambako Lavigerie alifungua chuo kwa ajili ya vijana Waafrika waliokombolewa. Wakasomeshwa udaktari. Hesabu ya Lavigerie ilikuwa hii: kijana mwenye kazi ya udaktari atapokelewa katika kila kijiji, atakula jasho lake, ataoa, atajenga mji wake katikati ya watu, na ataihubiri habari njema kwa mikono yake kabla ya mdomo. Atiman alisoma huko mpaka mwaka 1888. Yule aliyeuzwa jangwani sasa anajua kufunga mfupa uliovunjika na kupima dawa!

Mwaka huohuo akasafiri kuja Afrika Mashariki. Pwani yetu ilikuwa inachemka, vita vya Abushiri na Wajerumani vilikuwa vinaanza. Yeye na wenzake wakashika njia ya bara, zaidi ya kilomita 1,000, kwa miguu. Mwaka 1889 akafika Karema, kwenye mwambao wa ziwa Tanganyika, mkoa ambao leo ni Katavi. Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji, nao walikuwa wameikabidhi kwa Mapadre Weupe mwaka 1885.

Kumbe hakuja kutembea! Alikaa pale miaka 67.

Wewe hesabu mwenyewe. Alipofika, mkoloni Mjerumani bado hajaikalia sehemu ile. Mjerumani akaja, akatawala, akaondolewa na Vita Kuu ya Kwanza. Mwingereza akaingia. Vita ya pili ikapita. Atiman yuko palepale Karema, asubuhi anapokea wagonjwa. Homa, ndui, vidonda, akina mama wenye uchungu, wavuvi walioumia. Hospitali zilikuwa mbali mno na ukanda ule. Mgonjwa anayebebwa kwenye machela siku tatu anamfikia yeye, au hafiki kabisa. Alipewa nishani katika uzee wake, lakini hakuhamia mjini.

Alimwoa mwanamke wa huko, Wansahira, binti wa ukoo wa kichifu. Watu wanaosimulia habari za ndoa ile hawafichi kwamba mwanzo haukuwa laini; wawili wale hawakukulia katika desturi moja wala lugha moja. Lakini walidumu. Mwana wao Yosefu akawa padre. Basi, mtoto aliyenyang'anywa baba yake akawa baba. Mimi hapo ndipo ninaposhangaa zaidi kuliko hata udaktari. Maana watu wengi walioumizwa utotoni wanaogopa kuwa na mji wao. Labda na wewe unaogopa.

Alikufa mwaka 1956, akiwa mzee wa miaka kama 90, huko huko Karema. Uhuru ulikuja miaka mitano baadaye. Hakurudi kuishi kwao Mali.

Na hapa kwetu? Ukienda njia ya Kigongo, lilipo lile daraja kubwa la kuelekea Busisi, utapita sehemu za Bukumbi. Mapadre haohao walihamia Bukumbi mwaka 1883 wakitokea Buganda, na pale pia waliishi watoto waliotolewa utumwani. Kwa hiyo udongo huu unajua habari hizi.

Tena wako wenyeji wengine ambao hawakuandikwa kwenye vitabu. Katika miaka ya 1990, ugonjwa wa ukimwi ulipokuwa unamaliza wazazi, watafiti walikuwa wanazunguka kaya kwa kaya pale Kisesa, njia ya kwenda Magu. Waliona kwamba yatima walio wengi walichukuliwa na ndugu. Bibi, mama mdogo, shangazi. Bibi wa Kisukuma ambaye hajawahi kuona mshahara amelea wajukuu kwa jembe la mkono! Ukimwona bibi wa namna hiyo, mpe heshima yake. Na kama wewe ulilelewa hivyo na sasa umemkimbia kwa sababu ya ukali wake, hebu mfikirie tena. Siku hizi serikali ina mpango wa TASAF unaozipa ruzuku kaya maskini, zikiwemo nyingine zinazoongozwa na hao hao akina bibi. Ruzuku si kubwa, lakini daftari la shule linanunuliwa.

Sasa wewe uliyeshika karatasi hii. Pengine unalala Kirumba Mwaloni kwenye magunia ya dagaa. Pengine, dada yangu, ulitolewa kijijini ukaahidiwa kazi nzuri mjini, ukafika ukafungiwa ndani kuosha vyombo bila mshahara, na baba mwenye nyumba anakusumbua usiku. Pengine ulipelekwa kisiwani kuvuta nyavu na hela hujaiona. Usidanganywe, hiyo nayo ni kuuzwa! Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2008 inayokataza kusafirisha watu kwa namna hiyo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Piga simu namba 116, ni ya bure, ni ya watoto. Au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au dawati la jinsia na watoto pale polisi. Mwinjilisti akikuambia uombe tu na usiende kushtaki, huyo hakusaidii. Omba, na uende.

Lakini iko kamba nyingine ambayo polisi hawana kisu cha kuikata. Hata mwenye nyumba nzuri Capri Point anayo. Ni dhambi. Bangi umeiacha mara ngapi ukairudia? Hasira je? Ule uchungu wa kumchukia baba aliyekutelekeza, unalala nao, unaamka nao. Huo ni utumwa, na mwenye kukushika hauzi kwa shilingi wala kwa faranga.

Ndiyo maana Yesu alikufa msalabani. Alilipa kwa damu yake mwenyewe, akaenda kwa yule mwenye kukushika akiwa na bei kamili. Soma Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 1, mstari wa 18 na 19, utaona nimesema kweli. Atiman hakujinunua. Mtoto wa miaka 10 jangwani angepata wapi fedha? Alinunuliwa. Kazi yake ilikuwa kuondoka na wale waliomlipia. Angeweza kung'ang'ania miguu ya yule mfanyabiashara kwa sababu amemzoea. Unacheka? Wako vijana wengi hapa mjini wamekwisha kulipiwa na bado wamekaa pale pale.

Kama unataka kuondoka, mwambie Yesu hapo ulipo, kwa maneno yako mwenyewe, kwa Kisukuma, kwa Kikerewe, kwa Kiswahili, anasikia. Mwambie wewe ni mwenye dhambi, unaamini alikufa na kufufuka kwa ajili yako, na unamtaka awe Bwana wako. Usisubiri upate shati safi. Kisha jioni njoo mkutanoni ukiwa na nguo hiyo hiyo, usimame upande wa jukwaa, uwaambie wahudumu umefanya nini. Kama huna pa kulala waambie pia, usione haya. Wako washirika ambao nyumba zao ni ndogo lakini wanajua kusogea.

Ukimaliza kusoma, mpe karatasi hii mwenzako. Kama hajui kusoma, msomee.