Denis Burkitt, daktari wa jicho moja aliyefuata uvimbe wa taya

Jino la mtoto likilegea, wazazi wengi wa Kwapa, Busia na Tororo hudhani ni jino la utoto tu, na mara nyingi hawakosei. Lakini meno yakilegea kabla ya wakati wake huku ufizi na taya vikivimba, huenda hilo si jambo la jino tena. Aliyeufumbua macho ulimwengu kuhusu ugonjwa huo ni Dkt. Denis Burkitt, aliyefanya kazi hapa Uganda kwa miaka 20.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alianza kusomea uhandisi huko Dublin, kisha akageukia udaktari. Alipoomba kazi Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifika Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akaajiriwa Uganda. Alianzia Lira, na mwaka 1948 akahamia Mulago.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto, huku meno yakilegea. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, mji ambao wafanyabiashara wetu huupita kila wiki wakielekea Kampala, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Hapo akashuku. Alipekua mafaili ya Mulago akakuta watoto wengi wa namna hiyo, na mwaka 1958 akachapisha habari zao. Baadaye ikathibitika kuwa ni saratani ya tezi, ambayo leo inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri kilometa 16,000 hivi kwa wiki 10, wakiuliza hospitali kwa hospitali hadi Afrika Kusini. Waligundua kwamba ugonjwa huo ulikuwa mwingi penye joto na mvua, na haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa karibu sawa na ramani ya malaria.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein akausikiliza. Vipande vya uvimbe vikawa vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakaona ndani yake kirusi kipya. Kirusi hicho huenea kwa mate na karibu kila mtu anacho. Malaria ya mara kwa mara ndiyo hudhoofisha ulinzi wa mwili wa mtoto hadi saratani ipate nafasi.

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona kisu hakitoshi. Alijaribu dawa, na kwa baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata, kituo cha kutibu saratani hiyo kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ulaya alijulikana zaidi kwa kuhimiza vyakula vyenye makapi, kama unga usiokobolewa. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Sisi tuliosoma ugenini tukarudi tumekuta malaria bado iko mpakani, na ugonjwa huu pia. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tu, na mara nyingi hauumi. Kwa hiyo mama asikimbilie kung'oa jino, wala baba asingoje siku ya soko ipite. Shavu likivimba, meno yakilegea, jicho likitokeza au tumbo likijaa, mpeleke mtoto hospitali kubwa mara moja. Jino, liwe la kuzaliwa au la titani lililopandikizwa kwa mtu mzima, hushikwa na ufizi na mfupa. Hivyo viwili vikibadilika, kulitazama jino peke yake hakutoshi. Na kila usiku, mtoto alale ndani ya chandarua.