Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Maisha ya Charles Dickens

Sisi tuliosoma kitabu cha A Tale of Two Cities, yaani hadithi ya miji miwili, London na Paris, hatumsahau Madame Defarge. Ndiye yule mke wa mwuza divai wa mtaa wa Saint Antoine, ambaye hukaa dukani akifuma kimya, na katika ufumaji wake ameweka majina ya watu anaotaka wafe siku ya mapinduzi itakapofika. Twamchukia tangu mwanzo, na tukifika mahali anapokufa twafurahi. Lakini ni wachache wanaouliza mtu aliyemtunga mwanamke huyu alikuwa nani, naye aliyajuaje mambo ya moyo usiosahau. Jibu limo katika maisha yake mwenyewe.

Charles Dickens alizaliwa tarehe 7 Februari, 1812, katika mji wa Portsmouth, pwani ya kusini ya Uingereza. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini. Alikuwa mtu mchangamfu na mwenye huruma, lakini fedha haikukaa mkononi mwake. Watoto walizidi kuongezeka, na madeni pia. Mwaka 1822 jamaa hiyo ilihamia London, na huko mambo yakaharibika kabisa.

Mwezi wa Februari 1824, Charles alipokuwa na miaka 12 tu, alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu, nyumba kuukuu yenye panya tele kando ya mto Thames. Kazi yake ilikuwa kufunika vyombo vya dawa kwa karatasi, kuvifunga kwa uzi, na kubandika jina la kiwanda juu yake. Mshahara wake ulikuwa shilingi 6 kwa juma. Siku chache baadaye baba yake akakamatwa kwa deni la paundi 40 alilodaiwa na mwoka mikate, akatiwa katika gereza la Marshalsea. Siku zile mdeni aliweza kukaa gerezani pamoja na watu wa nyumba yake. Basi mama na watoto wadogo wakahamia humo, na Charles akabaki nje, akijigawia shilingi zake ili zimfikishe mwisho wa juma. Dada yake mkubwa, Fanny, aliendelea na masomo yake ya muziki. Yeye aliyependa vitabu kuliko wote hakuwa na shule.

Baada ya miezi kama mitatu baba alitoka gerezani, lakini mtoto hakuondolewa kazini mara moja. Aliondoka siku baba yake alipogombana na msimamizi wa kiwanda. Ndipo likatokea jambo lililomwumiza kuliko njaa: mama yake akajaribu kuwapatanisha, ili mtoto arudishwe kazini. Baba akakataa, akampeleka shule. Dickens hakumsahau mama yake kwa jambo lile maisha yake yote, na kwa miaka mingi hakuthubutu hata kupita mahali kiwanda kilipokuwa.

Tangu hapo alipanda upesi. Mwaka 1827 aliingia kazi ya ukarani katika ofisi ya wanasheria. Akajifundisha hati mkato, akawa mwandishi wa habari za Bunge. Mwaka 1836 akaanza kutoa kitabu cha The Pickwick Papers kidogo kidogo kila mwezi, na kabla hakijakwisha jina lake lilijulikana Uingereza nzima. Mwaka uliofuata akaanza Oliver Twist, hadithi ya mtoto yatima katika nyumba ya maskini. Matajiri waliokuwa wakipita mbele ya watoto kama huyo kila siku bila kuwatazama, sasa walilia kwa ajili yake. Hapo waona alichokifanya na kovu lake: lilimfanya awaone watoto wasioonekana.

Tena hakuyasahau magereza. Alipozuru Marekani mwaka 1842 aliingia gereza moja la Philadelphia, ambamo kila mfungwa alikaa peke yake miaka mingi bila kusema na mwenziwe, naye akaandika kwamba adhabu hiyo ni ukatili mkubwa. Mwaka 1849 aliona mtu na mkewe wakinyongwa hadharani mjini London kwa kosa la kuua. Kilichomtisha zaidi ni watu waliokuja kutazama, wakicheka na kupiga kelele kama walio sokoni. Aliandika gazetini kulaumu desturi hiyo, na mwaka 1868 ilikomeshwa kwa sheria.

Mambo haya yote yalikutana mwaka 1859, alipoandika A Tale of Two Cities katika gazeti lake mwenyewe, sehemu moja kila juma, kuanzia Aprili hata Novemba. Habari za mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 alizipata hasa katika kitabu cha rafiki yake Thomas Carlyle. Lakini Madame Defarge hakumtoa katika historia tu. Karibu na mwisho Dickens atufunulia siri ya mwanamke huyu. Alipokuwa mtoto, makabaila wawili ndugu walimtumikisha shemeji yake hata akafa, wakamchukua dada yake kwa nguvu hata akafa naye, wakamchoma kaka yake kwa upanga. Baba yao akafa kwa huzuni. Tukiisha kujua hayo, hatuwezi tena kusema kwamba alikuwa mwovu bila sababu. Madai yake yalikuwa ya haki.

Kosa lake ni kwamba hakujua pa kukomea. Wale ndugu wawili walikuwa wamekwisha kufa. Aliyebaki ni Charles Darnay, mtoto wa mmoja wao, ambaye alikuwa ameukataa urithi wa ukoo wake. Bibi huyu alitaka kichwa chake, kisha cha mkewe, kisha cha binti yao mdogo. Hata mumewe mwenyewe aliona imetosha. Mwisho alikufa kwa bastola aliyoichukua kwenda kuwaua wasio na hatia.

Wala tusidhani kwamba Dickens alikuwa malaika. Mwaka 1858, mwaka mmoja kabla ya kitabu hiki, aliachana na mkewe Catherine, aliyemzalia watoto 10, akatangaza habari hizo gazetini kwa namna iliyomwaibisha mama huyo mbele ya taifa zima. Mtu aliyejua sana uchungu wa kutupwa alimtupa mwenziwe. Kuyajua maumivu hakumzuii mtu kuumiza.

Watoto wake hawakujua habari za kiwanda. Siku ya Krismasi ya 1869 walikuwa wakicheza mchezo wa kukumbuka maneno, kila mmoja akiongeza lake. Ilipofika zamu yake, Dickens akataja jina la kile kiwanda cha dawa ya viatu na mtaa wake. Mwanawe Henry aliona macho ya baba yake yamebadilika, lakini hakuelewa. Miaka 45 ilikuwa imepita. Dickens alikufa tarehe 9 Juni, 1870, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, na ndipo rafiki yake John Forster alipoitoa siri ile katika kitabu.

Basi, ndugu wasomaji, nani kati yetu hana jina alilolifuma moyoni? Labda ni ndugu wa baba aliyekataa kulipa karo, au mwalimu aliyetuadhibu bila kosa. Kusahau si kazi rahisi, na Dickens mwenyewe hakuiweza. Lakini kovu moja lilimfanya awatetee watoto wasiomjua, na kovu kama lilo hilo lilimfanya Madame Defarge amtafute mtoto asiyemkosea amwue. Kila mmoja wetu na atazame lake linampeleka wapi.