John Mercer, mfumaji aliyeonyesha dunia nguvu ya soda kostiki juu ya nyuzi

KOLWEZI – Kobalti inayotoka hapa Lualaba kwa malori huishia, baada ya safari ndefu, katika betri, zikiwemo za magari ya umeme. Wasichokijua wengi ni kwamba baadhi ya magari hayo yana pia mimea ndani yake. BMW i3, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2013, ilikuwa na sehemu za milango zilizotokana na nyuzi za kenafu, mmea ambao ni ndugu wa ngai-ngai tunayopika nyumbani.

Nyuzi za mimea hazishikani kirahisi na plastiki. Zina nta na mafuta juu yake, na zinapenda kunywa maji. Ndiyo maana watafiti wanaozishughulikia, iwe kenafu au mkonge, mara nyingi huanza kwa kuziloweka katika soda kostiki, ile ile wanayoinunua mama zetu wanaopika sabuni ya mawese. Kazi hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina la Mwingereza John Mercer, mtu ambaye hakuketi darasani hata siku moja.

Mercer alizaliwa tarehe 21 Februari 1791 karibu na Great Harwood, katika jimbo la Lancashire. Baba yake, mfumaji wa nguo kwa mkono, alikufa mapema. Akiwa na miaka 9 tu mtoto alikuwa tayari kazini, akizungusha nyuzi kwenye vibobo, kisha akawa mfumaji. Kusoma na kuhesabu alifundishwa na mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha kuchapa vitenge.

Mwaka 1807 alimwona mdogo wake, mtoto wa mama yake kwa ndoa ya pili, amevalishwa nguo ya rangi ya machungwa. Rangi ile ilimshika. Alinunua dawa za rangi katika mji wa Blackburn akaanza kujaribu mwenyewe. Kiwanda cha Oakenshaw kilimchukua kama mwanagenzi, lakini vita vya Napoleon viliharibu biashara, naye akarudi kwenye kufuma. Mwaka 1814 alikwenda Blackburn kutafuta kibali cha ndoa, akarudi pia na kitabu kidogo cha kemia alichokiona kwa muuzaji. Miaka mitatu baadaye alipata njia yake ya kutia pamba rangi ya machungwa. Mwaka 1818 Oakenshaw walimwita tena, safari hii kama mkemia, na mwaka 1825 wakamfanya mshirika.

Lililompa jina lilitokea 1844. Alikuwa akichuja soda kostiki kwa kitambaa cha pamba. Mtu mwingine angekitupa kitambaa kile. Mercer alikitazama: kimekuwa kizito, kimefupika, na mwanga unapenya kidogo. Alikipima akakuta kimeongezeka nguvu na kinashika rangi vizuri zaidi. Soda ilikuwa imeingia ndani ya uzi na kuuvimbisha.

Alichukua hataza mwaka 1850. Kwenye Maonyesho Makubwa ya London, mwaka 1851, Wafaransa walitaka kuinunua kwa pauni 40,000. Alikataa, na hapo hesabu zilimwendea vibaya, kwa sababu kitambaa kilichofupika ni hasara kwa mfanyabiashara. Alikufa tarehe 30 Novemba 1866 kabla njia yake haijaenea. Ilienea mwishoni mwa karne ile, baada ya wengine kugundua kwamba kitambaa kikivutwa wakati wa kulowekwa hakifupiki, tena kinang'aa.

Kwa mkonge na kenafu soda inafanya kazi zaidi: inaondoa nta na sehemu ya gundi ya asili inayofunga nyuzi, uso unabaki na mikwaruzo, na plastiki inapata pa kushika. Ikizidi ukali au muda, inaula uzi wenyewe.

Linabaki swali la maji. Baada ya kulowekwa, nyuzi husuuzwa mara nyingi, na maji yale machungu lazima yatulizwe kwa asidi kidogo kabla ya kumwagwa. Kolwezi, mji ambao wakaaji wake wanajua mto ukipokea maji ya kiwanda unageuka kuwa nini, hauhitaji kuelezwa. Atakayekuja kufungua karakana ya nyuzi hapa aulizwe kwanza shimo lake la maji liko wapi.