Peyton Rous: Daktari Aliyengojea Miaka 55 kwa Ajili ya Kuku

Mwaka 1909 kuku mmoja jike aliletwa katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, ana uvimbe mkubwa kifuani. Alikuwa kuku wa shamba, wa mbegu ya Plymouth Rock yenye manyoya ya mistari myeupe na myeusi. Aliyempokea ni kijana wa miaka 30, Dakta Francis Peyton Rous, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa chumba cha uchunguzi wa saratani. Mwingine angalimtupa. Rous alimweka.

Alizaliwa Baltimore, Marekani, tarehe 5 Oktoba 1879. Baba yake alifariki mapema. Mama, ambaye jamaa zake walikuwa Texas, hakurudi kwao. Alistahamili palepale Baltimore ili wanawe wapate masomo. Kijana alisomea udaktari katika chuo kikuu cha Johns Hopkins. Huko, akipasua maiti, alijikwaruza kidole kwenye mfupa ulioathiriwa na kifua kikuu. Maradhi yakapanda hadi tezi ya kwapani, ikabidi ikatwe. Alikwenda Texas kufanya kazi ya ng'ombe kama mwaka mzima, akarudi na siha yake, akahitimu mwaka 1905. Lakini kutibu wagonjwa hakukumkaa, naye alikiri hivyo mwenyewe. Akachagua uchunguzi.

Basi turudi kwa kuku wetu. Rous alichukua kipande cha uvimbe, akakipandikiza kwa kuku wengine wa ukoo uleule, nao wakaota uvimbe. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wangaliliona upuuzi: aliusaga uvimbe, akauchuja kwa chujio laini mno lisilopitisha seli wala bakteria, akawadunga kuku wazima kwa yale maji yaliyopita. Wakapata saratani. Kulikuwa na kitu kidogo kuliko bakteria kinacholeta maradhi. Alichapisha habari hizo mwaka 1911. Kitu chenyewe ni virusi, na leo huitwa kwa jina lake.

Hawakumsadiki. Wengine walisema chujio limevuja. Wengine, ule si saratani ya kweli. Wengine, hayo ni ya kuku na binadamu ni mbali. Yeye mwenyewe alijaribu kwa panya bila ya mafanikio, na kufikia mwaka 1915 akaiacha kazi ile. Hakukaa bure lakini. Pamoja na mwenzake Turner alitengeneza maji ya sitireti na sukari ya kuhifadhia damu isigande wala kuharibika kwa wiki kadhaa, na kwa ilimu hiyo Oswald Robertson aliweka akiba ya damu kwa majeruhi wa vita mwaka 1917. Kwa hilo peke yake angalistahili kukumbukwa.

Katika miaka ya 1930 rafiki yake Richard Shope alimpa virusi vingine, vinavyootesha vinyama juu ya ngozi ya sungura, naye akairudia saratani. Miaka ikapita. Mkwewe, Alan Hodgkin, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1963, mzee angali anangoja! Yake ilifika mwaka 1966, akiwa na miaka 87.

Na hapa pana jambo linalonishangaza. Katika hotuba yake ya kupokea tuzo, mzee aliikataa katakata rai ya kwamba saratani hutokana na kuharibika kwa jeni za seli yenyewe. Aliyekataliwa miaka yote ile, naye akakataa. Alifariki New York tarehe 16 Februari 1970, na jibu likatoka ndani ya kuku wake yuleyule.

Mwaka 1976 Michael Bishop na Harold Varmus, pamoja na wenzao wa San Francisco, walionyesha kuwa jeni inayovipa virusi vya Rous nguvu ya kuleta saratani si ya virusi. Ni ya kuku. Virusi viliiiba zamani, na asili yake imo katika seli za kuku mzima; baadaye ikaonekana hata kwetu binadamu. Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo Src.

Kazi ya Src ilidhihirika mwaka 1978. Ni tarishi wa seli. Habari ikifika kutoka nje, huchukua chembe ya fosfeti na kuibandika juu ya protini nyingine, nayo huamka na kuipeleka mbele, hadi seli ipate amri ya kukua na kugawanyika. Tarishi mzima ana mkia unaomkunja na kumfunga mpaka atumwe. Yule wa virusi mkia umekatika. Hugonga mlango usiku na mchana, bila ya kutumwa na mtu, na seli hutii. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, na wajuao falaki wanaijua nyota ya jina hilo. Kumbe gando lake lilikuwa ni amri isiyokoma.

Bishop na Varmus walipata Nobel mwaka 1989. Matarishi wengine wa namna hii wamegunduliwa, na dawa za kuwanyamazisha zikatengenezwa. Mojawapo ni dasatinibu, inayotumika kwa aina ya saratani ya damu, nayo humzuia Src pia. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2006, Rous akiwa kaburini miaka 36.