Maisha ya Samuel Johnson, bwana wa diksionere



Wengi wanatuuliza: rangi kwa Kingereza inaandikwa colour ao color? Kwenye mashindano ya Kingereza hapa Omate, mwenzetu wa darasa la tatu aliandika couleur, kama kwa Kifaransa. Watu walimcheka mpaka akalia. Sisi wa darasa la sita tulicheka pia. Kwa hiyo tunaeleza maisha ya mtu aliyefanya kazi kubwa juu ya maneno haya.

Samuel Johnson alizaliwa mwaka 1709 katika mji wa Lichfield, Uingereza. Baba yake aliuza vitabu, lakini feza ilikuwa kidogo. Tangu utoto ugonjwa uliharibu macho yake. Mwaka 1728 aliingia chuo kikuu cha Oxford. Viatu vyake vilitoboka mpaka vidole vikaonekana. Kisha miezi 13 akarudi nyumbani, sababu feza ya masomo ilikwisha. Wenzetu muliorudishwa nyumbani muhula huu, musikie neno hili.

Hakuacha vitabu. Mwaka 1735 alitoa kitabu chake cha kwanza, safari ya padri mmoja Mreno katika Uhabeshi, ndiyo Ethiopia ya leo. Alikigeuza toka Kifaransa. Kumbe yeye pia alipitia Kifaransa kama sisi! Alifungua shule, wanafunzi wakawa wachache, ikafungwa. Mwaka 1737 akaenda London.

Mwaka 1746 wauza vitabu walimpa kazi ya kutunga diksionere. Aliahidi miaka mitatu, ikachukua karibu tisa. Alikuwa na wasaidizi sita tu. Mwaka 1752 mke wake akafa, lakini hakuacha kazi. Mwaka 1755 kitabu kikatoka, na maneno zaidi ya 42,000. Mwaka ule ule Oxford ikampa diploma aliyoikosa.

Alijua yote? Hapana. Aliandika kwamba sehemu moja ya mguu wa farasi, juu ya kwato, ni goti. Mama mmoja akamwuliza sababu gani. Yeye akakubali bila haya kwamba hakujua tu. Tena aliandika musick. Leo ile k ya mwisho imetupwa. Colour aliiacha na u, na Waingereza na jirani zetu wa Uganda wanaandika vile mpaka leo. Noah Webster wa Marekani aliondoa ile u katika diksionere yake ya 1828, ikawa color. Basi, zote mbili ni sawa, lakini usizichanganye katika karatasi moja. Couleur ibaki katika somo la Kifaransa.

Johnson alikufa mwaka 1784. Sehemu kubwa ya mali yake alimwachia Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaica, ambaye alikuwa amemtia shuleni.

Ndugu, mwenye diksionere mwenyewe alikosea na akakubali. Sisi tuliocheka ile siku tumekwisha kwenda kumwomba mwenzetu msamaha. Tangu sasa anayekosea kwenye ubao asichekwe, asaidiwe.