Kinjikitile: Kabla ya vita, watu walimfuata Ngarambe kutafuta uzima

Ukitaja Kinjikitile Ngwale, wengi wanakumbuka kitu kimoja tu: risasi kugeuka maji. Waliosoma tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 shuleni ndiyo picha waliyobaki nayo. Ila watu wa kwanza kufunga safari kumfuata hawakuwa na habari ya risasi. Walitaka dawa ya maradhi, ya mvua, na ya kuzuia wanyama wasimalize mashamba.

Kinjikitile alikuwa mganga wa Ngarambe, upande wa Rufiji, jirani na vilima vya Matumbi. Jina lake lilivuma mwaka 1904. Wazee walisimulia kwamba asubuhi moja alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akatambaa kwa tumbo mpaka mtoni na kuzama kwenye kidimbwi. Ndugu zake walijaribu kumvuta, wakashindwa. Wakalala pale pale kando ya maji. Kesho yake akaibuka mzima, na nguo zake kavu kabisa.

Habari ya namna hiyo haikai kijijini. Tena haikuwa ngeni sana, maana watu wa huko walishazoea kwenda kwa Bokero, mtoni Rufiji, kuomba mvua na afya, na Hongo alijulikana kuwa chini ya Bokero. Sasa wakaanza kumiminika Ngarambe, kutoka Umatumbi na sehemu nyingine za Kilwa. Walikuja kwa makundi, kila ukoo na kiongozi wake, wakapiga kambi nje wakisubiri zamu. Aliyewahi kuona umati wa mahujaji Wakatoliki kule Nyakijoga, Kagera, wakiwa na wagonjwa wao, anaweza kupata picha kidogo.

Dawa yenyewe ilikuwa maji, yakichanganywa na mtama na mahindi. Wengine walimwagiwa mwilini, wengine walikunywa. Kinjikitile akajenga na nyumba kubwa ya ibada, akawaambia watu kwamba wazee wao waliokufa wako salama kwa Bokero. Kwa mtu aliyefiwa, hilo peke yake lilitosha kumtoa nyumbani.

Lakini waliofika walikuwa na jeraha lingine. Wajerumani walikuwa wanatoza kodi na kuwalazimisha kulima pamba mashamba ya pamoja, malipo kiduchu, na maakida wakiwachapa. Pale kambini makabila yaliyokuwa hayaelewani yakajikuta yanakunywa maji mamoja. Mazungumzo yakabadilika. Wanaume wakaanza kufundishwa mazoezi ya vita yaliyoitwa likinda, na maji yaleyale ya uponyaji yakawa kinga ya bunduki.

Kinjikitile aliwaambia wasubiri, yeye ndiye atakayetoa amri. Hawakusubiri. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, Kilwa, waling'oa pamba, na siku chache baadaye mapigano yakafika Samanga, pwani.

Wajerumani walimkamata haraka. Agosti 4, 1905 wakamnyonga Mohoro. Vita vilikuwa bado vichanga, kwa hiyo hakuona maji yake yakishindwa mbele ya bunduki. Hakuona pia njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma vyakula, njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa vifo 75,000; wanahistoria wengine wanafikisha hadi 300,000.

Siku kumi baada ya kunyongwa kwake, Askofu Mkatoliki Cassian Spiss aliuawa Mikukuyumbu pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kutoka Kilwa kwenda bara.

Kinjikitile alikuwa ameshakufa, lakini dawa haikukoma. Ndugu yake alishika nafasi yake na kuendelea kuwagawia watu maji.