Paul Bomani na Mizani ya Pamba

Mkulima wa Ntuzu, nchi ambayo leo ndiyo Bariadi na wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa, alipopeleka pamba yake gulioni katika miaka ya 1940, hakuwa na njia ya kujua uzito wake ila kwa kinywa cha mnunuzi. Dhuluma hiyo ilijulikana kote Usukumani. Wengi walinung'unika, Paul Bomani alitafuta dawa.

Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Alikuwa karani mgodini Mwadui, kisha akahamia Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika. Dawa yake haikuwa kuchoma mabohari. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe penye mizani. Jambo dogo, mtu atasema. Lakini mkulima aliiona faida ya umoja siku ile ile aliyouza pamba yake, wala hakuhitaji hotuba. Vyama vikaandikishwa kwa sheria ya wakoloni wenyewe, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Bomani akiwa meneja mkuu.

Yatazameni yaliyoipata TANU wakati huo huo. Mwaka 1954 serikali ilikataa kuiandikisha Usukumani, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1958. Ushirika haukuguswa, maana pamba ilikuwa fedha ya serikali pia. Wapo waliomwona Bomani mpole mno. Hatukubaliani nao, ingawa mizani peke yake isingetosha: mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza, wakatupiwa mabomu ya machozi, na baraza la mchanganyiko wa rangi walilolikataa likaachwa.

Bomani akawa Waziri wa Kilimo, kisha wa Fedha. Lakini chombo kilichokua kwa idhini ya sheria kilibaki mikononi mwa mtunga sheria. Uchunguzi wa mwaka 1966 ulikuta katika vyama vya ushirika ubadhirifu, na mameneja waliokaa mbali na wanachama. Mwaka 1976 serikali yetu wenyewe ilivifuta vyama vikuu vyote, na mkulima wa Bariadi akauza pamba kwa mamlaka ya serikali, bila mpimaji wake. Bomani alifariki mwaka 2005, miaka 23 baada ya sheria ya 1982 kuviruhusu virudi.